Chinyango cha Picha

Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa tano, asubuhi kulinyesha manyunyu ya kuudhi, yale yasiyolowesha nguo lakini hayakuachi uianike. Redio ya Taifa ilitangaza jua kali na anga jeupe kutoka mpaka hadi mpaka. Haikuwa uongo. Katika Jamhuri ya Ukwaju hali ya hewa husomwa kwenye picha, na picha ya anga iliyoko Wizarani ilipigwa siku ya jua. Basi watu wakasikiliza redio, wakajifunika mifuko ya plastiki vichwani, wakaenda kazini wakimshukuru Mungu kwa jua.

Jamhuri ya Ukwaju haimo katika ramani. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, akapimwe macho. Hapa hakuna nia mbaya na mtu.

Asubuhi hiyo, katika soko la Kwa Mapande, Mzee Mwinjuma Tebwe alitundika paja la ng'ombe kwenye kulabu ya bucha yake, akasema bismillahi, kisha akatazama kushoto na kulia. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa shaka. Jirani akimsalimia kwa uchangamfu uliozidi, alirudi nyumbani kuhesabu kuku. Akipewa mkono na afisa wa serikali, alihesabu vidole vyake. Kitu kimoja tu hakukitilia shaka: mnyama aliyemchinja kwa mkono wake mwenyewe, amemwelekeza kibla, amelitaja jina la Mungu kwa sauti ya kusikika. Na watu wa mtaa, ambao nao walikuwa na shaka na kila kitu, hawakuitilia shaka nyama yake. Mwinjuma akisema "Nimechinja mwenyewe," mtu alifungua kikapu.

Kabla hajamaliza kunoa kisu, ving'ora vikalia. Waziri wa Kitoweo na Taswira, Mheshimiwa Profesa Ngwamba, alishuka garini. Polisi mmoja alimfunika kwa mwavuli, akatangaza kwamba mwavuli huo ni wa jua.

"Ndugu wananchi, wapenzi wa kitoweo!" alianza Waziri. "Babu zetu walinunua nyama kwa pua. Walikosea. Baba zetu walinunua kwa kidole, wakibonyeza-bonyeza. Walikosea zaidi. Pua hupata mafua. Kidole huwa na chuki. Lakini picha, ndugu zangu, picha haina mafua wala haina chuki! Kuanzia sasa hivi enzi ya pua imekwisha. Ni marufuku kunusa nyama hadharani bila kibali!"

Makofi yakapigwa. Machano, mwenye bucha ya jirani, akanyoosha mkono.

"Na faraghani je, Mheshimiwa?"

"Faraghani," alisema Waziri baada ya kufikiri, "Wizara bado inachunguza."

Kisha kikateremshwa kitu kilichofunikwa bendera. Bendera ilipoondolewa, kikaonekana kioo kimoja cheusi juu ya miguu mitatu, na pembeni taa mbili, ya kijani na nyekundu. Hilo ndilo lilikuwa Jicho la Taifa. Mtaalamu wake, Bwana Fungameza, kijana mrefu mwenye koti jeupe, alieleza kwamba Jicho hupiga picha ya nyama iliyokatwa, likapima wekundu wa mnofu, michirizi ya mafuta na madoa, kisha likatoa hukumu. Kijani ni Daraja la Kwanza. Nyekundu ni Mashaka. Bucha ikipata Mashaka mara tatu, mlango wake wote unapakwa rangi nyekundu na kufungwa.

"Limejuaje nyama njema ikoje?" aliuliza Mwinjuma.

"Limefundishwa, mzee. Limeonyeshwa picha za nyama ya Maonyesho ya Taifa. Ile iliyokaa mezani tangu siku ya ufunguzi hadi siku ya kufunga bila kubadilika rangi."

Mwinjuma akakunja uso. Katika maisha yake yote hajaona nyama isiyobadilika rangi, labda ile iliyochorwa ukutani. Alitaka kuuliza zaidi, lakini polisi wa mwavuli alikuwa anamtazama kana kwamba anampima yeye michirizi ya mafuta. Akafunga kinywa.

Akakata chinyango kwenye paja, kipande kizuri cha mnofu, akakiweka mbele ya Jicho. Inzi wawili wakatua juu yake kama kawaida yao. Jicho likafumba, likafumbua, likawaka nyekundu.

"Madoa meusi," alisoma Fungameza. "Tena madoa yanatembea. Mashaka."

"Hao ni inzi, mwanangu."

"Jicho halitambui inzi, mzee. Kwenye Maonyesho hawakuwapo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Nyama ilikuwa safi mno."

"Mmh," alisema Mwinjuma, na mlango wake ukapigwa mstari wa kwanza mwekundu.

Bucha ya Machano ilipopigwa picha, taa ikawaka kijani. Machano akacheka hadi akashika gogo la kukatia nyama.

"Mtani wangu, pole! Jicho limekuona na nyama yako, limepatwa na huzuni."

*

Mwinjuma alifanya kama mwananchi mtiifu yeyote. Alitundika chandarua mlangoni, akachoma majani, akamweka mkewe, Bi. Siwema, kupunga kipepeo cha ukili tangu alfajiri. Inzi wakahama. Mnofu ukabaki peke yake, mwekundu, kimya, kama bibi harusi aliyesahauliwa ukumbini.

Ndipo alipokuja Bibi Tabu.

Bibi Tabu alikuwa mjane wa mtaa huo, mwembamba, mwenye macho makali. Watu walikuwa na msemo: Bibi Tabu akila, mtaa umekula, akikataa, mtaa umefunga. Ijumaa ya mwisho wa mwezi alikuwa anamfanyia marehemu mumewe hitima, na watu wote wangekuja kusoma na kula. Nyama ya hitima zake zote, tangu mume alipozikwa, ilitoka kwa Mwinjuma.

Bibi alikisogeza chandarua kwa kidole, akachungulia.

"Mwinjuma."

"Naam, bibi."

"Inzi wako wapi?"

"Nimewafukuza, bibi. Serikali haiwataki."

Bibi Tabu akarudi nyuma hatua. Lazima ieleweke kwamba Kwa Mapande hawakuwa watu wachafu. Lakini zamani kidogo kulitokea wafanyabiashara walioipaka nyama dawa, ile ile ya kuhifadhia maiti, ili isiharibike wala isibadilike. Ilikuwa nyekundu na ya kupendeza, na waliokula walilazwa. Tangu hapo watu walijiwekea mkaguzi wao. Nyama yenye dawa inzi haigusi. Inzi akitua, mtu hupunga, huosha, hupika, hula. Inzi asipotua, mtu humwambia muuzaji, "Nitarudi," na harudi.

"Inzi mwenyewe nimemjua miaka yote," alisema Bibi Tabu. "Ni mchafu, hana adabu, lakini hajaniambia uongo. Wewe leo unaniletea nyama isiyo na inzi na mlango wenye mstari. Nifikirie nini?"

"Bibi, mimi nimechinja mwenyewe! Wallahi—"

"Usiape. Mtu haapi mbele ya nyama yake. Mashahidi wako wako wapi?" Akafunga kikapu. "Inzi wako wamekuhama, Mwinjuma. Na mimi nawafuata."

Akaondoka. Nyuma yake wakaondoka wengine, kila mmoja akinong'ona kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi tangu zamani.

Sasa tazama jinsi maendeleo yanavyoshikana mikono. Kwa kuwa inzi hawakuwapo, wateja hawakuwapo. Kwa kuwa wateja hawakuwapo, nyama haikuuzwa. Kwa kuwa haikuuzwa, ilikauka ikawa na rangi ya kahawa. Jicho lilipopita tena likaikuta hivyo, likawaka nyekundu. Mstari wa pili.

"Hakuna madoa safari hii," alisema Fungameza kwa huruma. "Hilo ni jambo la kujivunia, mzee."

*

Kilichomtesa Mwinjuma kuliko mistari miwili ni bucha ya Machano. Pale inzi walijaa kama wanachama siku ya kugawiwa fulana. Wateja nao walijaa, na Bibi Tabu miongoni mwao akibonyeza mifupa bila kibali. Na kila Jicho lilipopita, Machano alipata kijani.

Mtu anapataje inzi na kijani kwa pamoja? Mwinjuma aliliwaza swali hilo akiwa kazini, akaliwaza akila, na Mungu amsamehe, akaliwaza hata akiwa kwenye sijda. Baada ya swala ya Alasiri alimwambia Bi. Siwema, "Yule amempa Fungameza kitu."

"Au Fungameza ni mjomba wake," alisema Bi. Siwema, ambaye shaka alikuwa ameipata kwa ndoa.

"Au ni uchawi."

"Au nenda kamwulize, baba Mwatumu, badala ya kukaa hapa kuniharibia uji."

Akaenda. Machano alimkaribisha kwa maneno ya watani. "Karibu, mzee wa mistari! Umekuja kuiba inzi wangu?"

"Nimekuja kujua siri yako. Ukinificha, nitasema hadharani kwamba bibi yako alikuwa anakula ngozi."

"Hilo linajulikana." Machano akachungulia nje, akafunga mlango, akafungua jokofu dogo lililokuwa chini ya gogo. Akatoa kifurushi cha plastiki, akakifungua taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Ndani kulikuwa na chinyango. Mwinjuma hakuwahi kuona wekundu wa namna ile. Michirizi ya mafuta ilipita ndani yake imenyooka kama imepigwa rula, na pembeni palikuwa na mshipa mdogo uliojikunja mfano wa ndoana.

"Hiki hakiuzwi," alinong'ona Machano. "Hiki kinapigwa picha tu. Jicho likija, natoa hiki. Likiondoka, nakirudisha. Nyama ya kula ni ile ya inzi, nyama ya picha ni hii. Kila kitu na kazi yake."

"Umekipata wapi?"

"Si nilichukuliwa kukata nyama kwenye Maonyesho ya Taifa? Walipofunga, nikakiokota mezani. Hiki ndicho kilicholifundisha Jicho, mtani wangu. Mwanafunzi hawezi kumfelisha mwalimu wake!"

"Maonyesho yalikuwa tangu masika ya mwaka jana."

"Ndiyo."

"Na bado chekundu."

"Ndiyo," alisema Machano, akitazama dari. "Wote sokoni tunakiazimana. Umebaki wewe tu. Hatukukuambia kwa kuwa wewe ni mtu wa kusali-sali."

Mwinjuma alikishika kifurushi. Alijua kwamba akikinusa atajua kila kitu. Kwa hiyo hakukinusa. Na kwa mara ya kwanza tangu itungwe, sheria ya nchi ilikuwa upande wake.

"Kesho Jicho linapita kwako," alisema Machano. "Ukipata mstari wa tatu, umekwisha. Bucha ya baba yako, na ya babu yako. Chukua. Ni picha tu. Picha haina dhambi."

Kesho yake chinyango kikawekwa mezani kwa Mwinjuma. Jicho likafumba, likafumbua, likawaka kijani cha furaha. Fungameza akampa mkono. Mwinjuma hakuhesabu vidole. Alikwenda nyuma ya bucha kutawadha, akaanza dua ya kushukuru, akafika katikati, akasahau inavyoendelea.

*

Siku mbili tatu baadaye Wizara ya Kitoweo na Taswira ilitoa tangazo lililosomwa redioni baada ya hali ya hewa. Wataalamu walikuwa wamezipanga picha za nyama kutoka bucha zote za Kwa Mapande ukutani, wakashikwa na butwaa. Nyama yote ilifanana! Wekundu ule ule, michirizi ile ile, hata mshipa mdogo wenye mfano wa ndoana ulikuwa mahali pale pale.

"Nchi nyingine," alisema Waziri kwa sauti iliyotetemeka, "wana ng'ombe wanaotofautiana, na ndiyo maana wanapigana. Sisi ng'ombe wetu wamefikia umoja wa kitaifa! Hakuna tena tajiri wa nyama na maskini wa nyama. Mungu aibariki Ukwaju!"

Na kwa kuwa picha ya mwisho kupigwa ilikuwa ya Mwinjuma, ikaamriwa kwamba chinyango kilichoonekana katika picha hiyo, chenyewe hasa, kipelekwe Ikulu Siku ya Kitoweo, kichomwe mbele ya Mtukufu Rais, naye ale kwa niaba ya wananchi.

Fungameza alipoleta habari hiyo, Mwinjuma alikaa juu ya gogo.

"Mwanangu, nikuchinjie ndama wa leo. Mtukufu ale kitu kizuri."

"Ndama wa leo hana picha, mzee."

"Atapigwa."

"Picha mpya itakuwa tofauti na iliyotangazwa. Watu watajiuliza. Unajua watu wakijiuliza inakuwaje." Akashusha sauti. "Na usifikirie kukibadilisha njiani. Jicho litakuwapo kila geti."

Sokoni habari ilienea. Wauza nyama wote wakaja kumpongeza Mwinjuma kwa mbali, kila mmoja akikumbusha kwamba yeye hajawahi kuwa na jokofu. Machano alikuja wa mwisho. Hakutania.

"Utanitaja?"

"Sijui," alisema Mwinjuma.

"Mimi ningekutaja."

"Najua."

Nyumbani Bi. Siwema alikifungua kifurushi bila kuomba ruhusa ya mume wala ya sheria, akainamisha pua, akainua uso haraka.

"Baba Mwatumu. Hiki kinanuka hospitali. Si wodini. Kule nyuma."

Mwinjuma akafumba macho. Sasa alijua alichokuwa anajua. Kwa maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu, "Nimechinja mwenyewe," na wakala. Sasa alikuwa amekiweka mezani pake kitu ambacho hakujua kilichinjwa na nani, wala kama kilichinjwa au kilijifia tu kichakani. Akakisema kwa kimya chake kuwa ni chake. Akisema kweli Ikulu, bucha itafungwa, pengine naye. Asiposema, mtu atakula dawa ya maiti kutoka mkononi kwake. Na hata kama mlaji ataishi, kuna siku itajulikana, na jina la Mwinjuma halitafungua tena kikapu cha mtu yeyote.

*

Mtukufu Rais wa Ukwaju alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kumpa mtu kisogo. Hata picha zake zote alipigwa mgongo ukiwa ukutani. Alikaa mwisho wa meza ndefu. Chinyango kililetwa juu ya sinia la fedha, Jicho likakithibitisha kwa mara ya mwisho, kijani kikawaka, mkaa ukapulizwa. Waziri akaweka picha kubwa ya chinyango hicho mbele ya Rais, ndani ya fremu ya karatasi, ili Mtukufu aone anachokiona.

"Chinyango cha umoja, Mtukufu," alisema Waziri. "Kisicho na doa!"

"Ahsante, Profesa," alisema Rais. "Mleteni Bwana Mkubwa."

Waziri akatazama huku na huku, maana hakujua kwamba kuna bwana mkubwa zaidi. Mlango wa pembeni ukafunguka. Akaingia askari mwenye magwanda ya dhahabu, akipiga hatua za gwaride, amebeba kwa mikono miwili chupa ndogo yenye kifuniko cha matundu. Ndani ya chupa alikuwamo inzi.

"Mimi nilizaliwa kijijini," alisema Rais. "Mama yangu hakula nyama ambayo inzi hakuigusa. Tangu nichukue madaraka haya, sijatia kitu kinywani kabla mtumishi huyu hajakionja. Ndiye pekee ninayemwamini katika serikali yangu. Hajawahi kunisifu."

Kifuniko kikafunguliwa. Inzi akatoka, akazunguka meza nzima kama mkaguzi. Akatua kwenye wali. Akatua kwenye embe. Akatua juu ya masharubu ya Waziri, akakaa hapo kwa starehe, na Waziri hakuthubutu kupumua. Kisha akaruka kuelekea sinia. Akashuka, akakikaribia chinyango, akapaa ghafla kama aliyeitwa. Akarudi mara nyingine, akapaa tena. Mwisho akaenda mwenyewe akaingia chupani.

"Amekataa," alisema Rais.

"Mtukufu," alisema Waziri, jasho likimtiririka, "huyo ni inzi mmoja tu. Yawezekana ametumwa. Jicho limesema ni Daraja la Kwanza!"

"Kwani Jicho linakula?"

"Halili, Mtukufu. Linaona."

"Nawe unaiamini picha?"

"Kuliko macho yangu!"

"Basi kula picha."

Waziri akacheka kidogo, akaona amecheka peke yake, akaacha. Akaivuta picha mbele yake. Akaichana pembeni, pale penye mshipa, akatia mdomoni. Akatafuna. Watu wote wakamtazama. Akaomba pilipili, akaletewa.

"Laini," alisema, akimeza kwa shida. "Laini sana, Mtukufu. Michirizi inasikika."

Rais akageuka. Macho yake yakamtafuta Mwinjuma, aliyekuwa amesimama karibu na mlango ndani ya kanzu yake ya Idi.

"Mzee. Nyama hii ni yako?"

Katika Ukwaju kuna majibu mengi kwa swali la Rais, na karibu yote ni ndiyo. Mwinjuma aliyasikia yote yakipita kichwani. Akamsikia Bibi Tabu akisema, mtu haapi mbele ya nyama yake.

"Ilikuwa mezani pangu, Mtukufu, lakini si yangu. Sikuichinja. Sijui aliyeichinja, wala kama ilichinjwa. Niliiweka ipigwe picha kwa kuogopa kufungiwa."

"Na ulikuwa unaniacha niile?"

"Nilikuwa namwomba Mungu tangu jana usiwe na njaa."

Mtu mmoja alikohoa. Mabega ya Rais yakatikisika, na watu wakasubiri kujua kama ni kicheko ili nao wacheke.

"Ni nani wengine walioitumia?"

"Mimi najibu la kwangu, Mtukufu. La wengine watajibu wenyewe, hapa au kwa Mungu."

"Wewe angalau uliomba," alisema Rais. Akanyanyuka, akatembea kinyumenyume hadi mlangoni, chupa ya inzi kifuani. Mlangoni akasimama. "Profesa, maliza chakula chako."

*

Redio ya Taifa ilitangaza kwamba Siku ya Kitoweo ilifana, na kwamba Waziri alikula hadi akaombwa aache. Ilitangaza pia kwamba Jicho sasa litafundishwa kuwatambua inzi. Nyama isiyo na inzi itakuwa Mashaka. Kwa kuwa inzi wa kienyeji hawatulii wakipigwa picha, Wizara imeagiza inzi wa plastiki kutoka nje, wa kubandika.

Waziri hakumsahau Mwinjuma. Mstari wa tatu ulipigwa kwa kosa la kuidhalilisha picha, na mafundi wakaja na ndoo, wakaupaka mlango wote wekundu, wakatia kufuli. Fungameza alisimamisha Jicho mbele ya mlango ili kuthibitisha kazi imefanyika. Jicho likafumba, likafumbua, likauona ule wekundu usio na doa, likawaka kijani.

"Daraja la Kwanza," alisoma Fungameza. Akatazama chini, akakunja miguu ya Jicho, akaondoka bila kuaga.

Mwinjuma akabaki amesimama nje ya bucha ya babu yake, kisu kimefungwa ndani ya kitambaa. Machano alitoka kwake akaja kusimama kando yake.

Hapo akatokea Bibi Tabu, na nyuma yake wanawake wa mtaa na wazee wa msikitini. Habari za Ikulu zilikuwa zimekwisha kufika. Aliyebeba sinia Ikulu alikuwa mpwa wa bibi huyo.

"Mwinjuma. Nimesikia ulimwambia Rais kwamba nyama si yako."

"Ndiyo, bibi."

"Nilikuwa nakuamini kwa sababu ya inzi. Tena hata inzi, ukiisikiliza redio, hivi karibuni watakuwa wa plastiki. Sasa nitamwamini nani?"

Bibi Tabu akakitua kikapu chake chini.

"Hitima ni Ijumaa. Bucha yako imefungwa, lakini ua wangu haujafungwa, na sijasikia sheria ya kukataza mtu kuchinja kwenye ua wa mjane. Lakini safari hii sitaki uniambie 'nimechinja mwenyewe' baada ya kuchinja. Niambie kabla. Na si mimi peke yangu. Sema hawa wote wasikie."

Watu wakasogea. Wauza nyama wakatoka kwenye bucha zao. Machano akavua kofia. Bi. Siwema, aliyekuwa amebeba kipepeo bila kazi, akakishusha. Inzi mmoja, wa kienyeji, akaja akatua juu ya mkono wa Mwinjuma, na hakumfukuza.

"Watu wa Kwa Mapande, mnisikie na Mungu anisikie," alisema Mwinjuma, na sauti yake ikafika hadi mwisho wa soko. "Ijumaa nitachinja kwenye ua wa Bibi Tabu mbele ya macho yenu, kwa mkono wangu na kwa jina la Mungu, na kipande cha kwanza nitakula mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kila nyama nitakayowauzia tangu leo, nitaila kwanza mbele yenu. Nikiwadanganya, siku nikifa inzi wasinisogelee, mjue wote kwamba nilikwisha kupakwa dawa nikiwa hai."